Mikroskopi Yenye Kioo: Inachoonyesha na Isichoonyesha

Labda umekwisha kuiona. Ni chombo kidogo cha kusimamisha juu ya meza. Kina mguu mmoja, na juu ya mguu kuna kioo kama kile cha telefoni. Chini ya kioo kuna lenzi inayotazama chini. Ukiweka unywele mmoja chini ya lenzi, unywele ule watokea juu ya kioo, mnene kama kamba ya kufungia mbuzi. Ukiweka mguu wa nzi, watoto wapiga kelele.

Chombo hiki ni mikroskopi ya dijitali. Vitabu vya shule vya Tanzania na Kenya huiita hadubini, lakini sisi hapa Lubumbashi tumezoea jina tulilolipata kwa Kifaransa, nami nitalifuata hilo. Yauzwa kwa ajili ya nyumba na shule, na bei yake ni ndogo sana kuliko ya mikroskopi ya hospitali. Kwa hiyo watu hutuuliza maswali mawili. La kwanza: je, chombo hiki chafaa kununuliwa kwa watoto? La pili: je, naweza kutazama damu ya mtoto wangu nyumbani, nisipoteze siku nzima nikingoja labo? Swali la kwanza nalijibu ndiyo, tena kwa furaha. La pili nalijibu hapana. Nataka uelewe sababu, maana kwa ajili ya swali hilo la pili mtoto aweza kufa.

Zamani mmoja tu aliona

Miaka ya 1670, katika mji wa Delft, Uholanzi, kulikuwa na mfanyabiashara wa nguo aliyeitwa Antoni van Leeuwenhoek. Hakuwa munganga wala mwalimu. Alisugua vioo vidogo kwa mikono yake mwenyewe mpaka vikawa lenzi, naye akaona katika tone la maji viumbe vidogo vinavyoogelea. Akawaandikia wataalamu wa London. Je, walisadiki? Hapana, si upesi. Mpaka mwaka 1677, mwenzao Robert Hooke alipotazama na kuviona kwa macho yake, ndipo waliponyamaza.

Hata katika nchi yetu jambo kama hilo limekuwako. Huko Kasongo, katika Maniema, si mbali na mto Lualaba, watu waliteswa na homa inayokuja, inaondoka, kisha inarudi tena. Wengi walisema yatoka kwa papasi, yule mdudu anayekaa katika nyufa za nyumba za udongo na kutoka usiku kuuma wanaolala. Pengine wewe wamjua kwa jina la kimputu. Waganga wawili kutoka Liverpool, Joseph Dutton na John Todd, walikuwa wakisafiri katika Kongo tangu mwaka 1903 ili kuchunguza magonjwa. Walitazama damu ya wagonjwa kwa mikroskopi, wakaona ndani yake kijidudu chembamba kilichojipinda kama uzi wa chuma. Waliwaacha papasi wawaume kima, nao kima wakapata ugonjwa uleule. Basi neno la wenyeji lilikuwa kweli. Dutton mwenyewe alipatwa na homa hiyo, akafa kulekule Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Alikuwa na umri wa miaka 30. Kijidudu kile kinaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Sasa fikiri. Mikroskopi ya siku zile ilikuwa na tundu la kutazamia kwa jicho moja. Munganga aliona, na mwenzake aliona baada yake. Lakini mama wa Kasongo aliyelaza watoto wake juu ya mkeka karibu na ufa wa ukuta hakuona kitu. Aliambiwa tu. Nasi tunajua jinsi ilivyo vigumu kubadilisha desturi ya nyumba kwa ajili ya kitu ambacho umeambiwa tu.

Hii ndiyo faida kubwa ya mikroskopi yenye kioo. Watu kumi husimama kuizunguka, nao wote huona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mzee ambaye macho yake hayawezi kutazama katika tundu dogo huona. Mtoto huonyesha kwa kidole na kuuliza, na mwalimu hujua hasa anauliza juu ya nini. Nimefundisha habari ya nzi miaka mingi kwa maneno na picha za ukutani, watu wakitikisa kichwa kwa adabu. Siku ile walipouona mguu wa nzi, wenye nywele nyingi kama ufagio, na uchafu umeshikamana katika nywele zile, mama mmoja aliondoka bila kuaga akaenda kufunika sufuria yake ya bukari.

Jinsi inavyofanya kazi

Lenzi hukusanya nuru itokayo katika kile unachokitazama. Katika mikroskopi ya zamani nuru hiyo huingia katika jicho lako. Katika hii ya dijitali huanguka juu ya kidude kidogo kama kile kilicho ndani ya telefoni inayopiga picha. Kidude hugeuza nuru kuwa umeme, na umeme huchora picha juu ya kioo. Kuna taa ndogo zinazoizunguka lenzi, nazo huangaza kutoka juu. Nyingine zina taa chini pia. Hii ya taa mbili ndiyo bora, maana kitu chembamba kama ngozi ya kitunguu au tone la maji hakionekani vizuri kama nuru haipiti ndani yake kutoka chini. Kuna gurudumu la kuzungusha mpaka picha isiwe na ukungu. Zilizo nyingi zina betri, nalo ni jambo jema katika mji wetu ambapo umeme hukatika katikati ya somo.

Ukiinunua, usidanganyike na hesabu iliyoandikwa juu ya sanduku. Utaona imeandikwa mara 1000, au mara 1200. Hesabu hiyo si ya lenzi peke yake. Wamekuza picha kwa lenzi, kisha wameivuta tena ndani ya kioo, kama vile unavyovuta picha ya telefoni kwa vidole viwili. Picha yakua, lakini hakuna kitu kipya kinachoonekana. Ni kama mama aliyepata wageni wa ghafula akaongeza maji katika mchuzi. Sufuria imejaa, ndiyo, lakini nyama ni ileile.

Unaweza kuipima mwenyewe. Twaa rula ya shule, uiweke chini ya lenzi, uangalie ni milimita ngapi zinazojaza upana wa kioo. Kisha pima upana wa kioo chenyewe. Kama kioo kina upana wa sentimita 15, yaani milimita 150, na milimita moja tu ya rula yakijaza chote, basi chombo chako chakuza mara 150. Fanya hivyo dukani kabla ya kutoa pesa. Muuzaji hatapenda, lakini si kosa lako.

Mambo mema ya kutazama

Hata kukuza mara 50 kwatosha kufundisha mengi. Hapa nitakaa kidogo, maana napenda sehemu hii.

Anza na kichwa cha mtoto anayejikuna. Mayai ya chawa na mba hufanana kwa macho. Chini ya lenzi hayafanani kabisa. Mba ni kibanzi cha ngozi kisicho na umbo, tena huanguka ukipuliza. Yai la chawa ni kama punje ndogo ya mchele, nalo limegundishwa kwenye unywele upande mmoja. Hapo mwalimu ajua kama amrudishe mtoto kwa mama yake na chanuo chembamba, au amwache asome kwa amani.

Kisha nenda kwenye pipa, au kwenye tairi la zamani lililojaa maji ya mvua nyuma ya nyumba. Chota vile vitoto vya mbu vinavyochezacheza, uvitie katika kifuniko cha chupa. Vile vinavyoning'inia kichwa chini, vikiwa na bomba dogo mkiani la kupumulia, si vya mbu wa malaria. Vya mbu wa malaria hulala sawasawa chini ya uso wa maji, wala havina bomba lile. Watoto wa Katuba na wa Kenya wakijua hivyo, wao wenyewe watakuwa wapelelezi. Lakini yale maji ya tairi myamwage yote, maana mbu wale wengine nao si rafiki zetu.

Twaa jani la lengalenga kutoka sokoni kabla ya kuliosha. Angalia upande wa chini wa jani. Mchanga, mayai ya wadudu, chawa wa majani, vyote viko pale. Oshea jani katika maji, ulitazame tena. Fanya hivyo mbele ya mabinti wanaopika, nawe hutahitaji kusema maneno mengi. Tazama na unga wa mahindi uliokaa muda mrefu, na kucha ya kidole iliyotoka kulima.

Kwa wanafunzi wa shule, utando mwembamba unaobanduka ndani ya kitunguu, ukitiwa tone la dawa ya iodi, waonyesha vyumba vyumba kama ukuta wa matofali. Hizo ndizo seli. Nao watoto wetu wa Katanga wasikose kuweka chini ya lenzi kipande cha malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba ambalo baba zao walilichimba. Mistari yake ya kijani kibichi na kijani cheusi hupendeza kuliko kitambaa chochote.

Kosa langu juu ya maji

Sasa nitakueleza jambo linaloniaibisha kidogo.

Siku moja niliwaonyesha akina mama tone la maji ya kisima kisichofunikwa. Tulichota maji ya chini, penye majani yaliyooza. Juu ya kioo vikatokea viumbe vinavyokimbia huku na huku, kimoja kikirukaruka kama kiroboto. Akina mama walishika midomo. Mimi nilifurahi, nikasema, "Mnaona sasa kwa nini tunawaambia mchemshe maji?" Kisha mama mmoja akaleta maji ya kisima chake kutoka katika bidoni aliyoibeba. Tukaweka tone. Kioo kilikuwa cheupe. Hakuna kilichotembea. Watu wakampongeza, nami sikusema neno, kwa kuwa wakati ulikuwa umekwisha na wagonjwa walikuwa wakingoja.

Baada ya majuma machache alirudi, akiwa na mtoto aliyekuwa akiharisha mpaka macho yalikuwa yameingia ndani. Nilimwuliza habari ya maji. Akanijibu kwa unyofu, "Lakini Munganga, maji yangu tuliyaona ni mazuri. Nimeacha kuchemsha. Makala ni ghali." Mtoto alipona, baada ya siku tatu za dawa ya maji na chumvi na sukari. Lakini mama yule alifuata kile nilichomwonyesha kwa macho, wala si kile kilicho kweli.

Kweli ni hii. Gawanya milimita moja katika sehemu 1000. Sehemu moja yaitwa mikromita. Wale viumbe waliokimbia juu ya kioo wana mikromita mia na zaidi, na wengine hata milimita nzima. Ni wakubwa, nao wengi wao hawamdhuru mtu anayewanywa, ingawa wanatuonyesha kwamba kisima kiko wazi na uchafu huingia. Lakini kijidudu cha kolera kina urefu wa mikromita 2 hivi. Wapange 500 katika mstari mmoja, nao watatosha milimita moja tu. Cha homa ya tumbo ni cha namna hiyohiyo. Mikroskopi ya nyumbani haiwezi kuvionyesha, hata uvute picha namna gani. Na virusi, kama vile vya polio, ni vidogo hata labo ya hospitali haiwezi kuviona kwa mikroskopi yake ya kawaida.

Basi tone likionyesha wadudu, funika kisima na chemsha maji. Tone lisipoonyesha kitu, chemsha maji vilevile. Yaache yatokote kwa nguvu dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa. Kama makala hayatoshi, tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa yake. Siku hizi nikiwaonyesha watu maji, nawaonyesha kwanza yale meupe, na kuwaeleza habari ya wale 500. Ndipo nawaonyesha wale wanaoruka.

Kwa nini usitazame damu ya mtoto wako

Chembe nyekundu ya damu ina mikromita 7 au 8. Kijidudu cha malaria kinapokuwa kichanga, ndani ya chembe ile, kina mikromita moja au mbili. Ili kukiona, mtu wa labo hupaka damu juu ya kioo kidogo, huikausha, huitia rangi iitwayo Giemsa, huweka tone la mafuta, na kuitazama kwa lenzi zenye kukuza mara 1000 za kweli, si za kuongeza maji katika mchuzi. Tena hatazami mahali pamoja. Husogeza na kusogeza, akihesabu, maana vijidudu vyaweza kuwa vichache. Amefundishwa kazi hiyo, na hata hivyo huchoka macho.

Ukitazama damu nyumbani utaona wekundu tu, na labda duara ndogo. Utasema, "Mtoto hana malaria." Lakini malaria kali yaweza kumwua mtoto katika muda wa saa 24. Homa ikimpata mtoto, mpeleke siku ileile kwenye kituo cha afya. Pale kuna kipimo cha haraka, TDR, ambacho kwa tone moja la damu huonyesha alama ya malaria karibu dakika 15 au 20 baadaye. Siku nzima haipotei.

Mtu mwingine atasema, "Yai la kichocho ni kubwa, nimesoma lina mikromita 140. Hilo je?" Amesema kweli, yai lile laweza kuonekana hata kwa chombo chenye taa ya chini. Lakini mayai hayatoki kila saa wala katika kila tone. Labo hutaka mkojo wa karibu na saa sita mchana, wakati yatokapo kwa wingi, na huuchuja au kuuzungusha katika mashine ili mayai yakusanyike. Tone lako moja likiwa safi, halikuthibitishii kitu.

Tena kutoboa vidole ni jambo la hatari. Watoto wakitobolewa kwa sindano moja katika mchezo wa shule, virusi vya ukimwi na vya ugonjwa wa ini vyaweza kupita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Damu, mavi na makohozi visiwekwe kabisa chini ya mikroskopi ya nyumbani.

Jihadhari pia na mtu anayekutoboa kidole, akaweka damu mbichi chini ya lenzi, akakuonyesha juu ya kioo vitu vinavyotikisika, na kusema, "Hizi ni sumu, hawa ni minyoo ya damu yako," kisha anafungua mkoba wa chupa za dawa. Biashara hii ipo hata Ulaya na Marekani. Chembe za damu mbichi kati ya vioo viwili hushikamana kama sahani zilizopangwa kabatini, nayo ni hali yake ya kawaida. Zikianza kukauka hujikunja na kutoa miiba. Duara kamili yenye ukingo mweusi ni povu la hewa. Uzi mrefu wenye rangi ni wa nguo. Mimi mwenyewe, mwanzoni, nilitazama uzi wa shuka kwa dakika nyingi nikidhani nimepata mdudu. Mwulize mtu huyo: umeitia damu rangi gani? Lenzi yako ya mafuta iko wapi? Niandikie majibu katika karatasi yenye jina lako, nimpelekee munganga. Utaona jinsi anavyofunga mkoba.

Kuitunza

Lenzi isiguswe na kidole. Vumbi lipulizwe kwa pampu ndogo ya mpira, kisha pangusa polepole kwa kitambaa laini kisicho na mafuta. Maji yasianguke juu ya taa za chini. Weka tone juu ya kipande cha kioo au plastiki safi, wala si juu ya meza ya chombo. Ondoa betri kama hutaitumia kwa miezi mingi. Na wakati wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Machi, iweke katika sanduku kavu pamoja na mchele kidogo uliofungwa katika kitambaa, maana ukungu huota hata juu ya lenzi.